Taa tatu kabla ya balbu moja

Tangi langu la kwanza la samaki lilikuja na taa yake ndani ya kifuniko: vijitaa vya LED vya mstari mmoja, mwanga wa buluu uliofifia, na swichi ya kubonyeza kwa juu. Samaki waling'aa chini yake kama shanga. Mimea ikawa inakufa polepole.

Ya mashina ndiyo iliyotangulia. Pingili zilirefuka kupita kiasi, majani ya chini yakapukutika, ncha zikawa zinakimbilia juu huku nyuma kumebaki vijiti vitupu. Vallisneria ilibakiwa na majani matatu membamba kama nyuzi. Cryptocoryne nayo iliyeyuka yote ndani ya wiki moja, nikaing'oa na kuitupa huku nikiilaani taa. Hapo nilikosea. Cryptocoryne ina tabia ya kuyeyuka inapohamishwa, taa iwe nzuri au mbaya. Tena mimea mingi ya tangini hukuzwa kwanza majani yakiwa nje ya maji, kwa hiyo ikizamishwa huyaacha majani ya zamani na kuota mengine yanayofaa majini. Mizizi niliyoitupa ilikuwa hai. Ningesubiri mwezi mmoja ningeyaona majani mapya. Nasimulia hili mapema kwa sababu ndivyo nilivyoingia kwenye biashara ya kununua taa: kwa hasira, na kwa ushahidi ambao nusu yake haukuihusu taa kabisa.

Tangi lenyewe ni dogo, sentimita 45 kwa 30 kwa 30, yaani lita 40 hivi kabla ya kutoa changarawe na mawe. Ukiweka changarawe ya sentimita tano na usijaze maji hadi ukingoni, mwanga unashuka sentimita 23 tu kufika kwenye mizizi. Huo ni ufupi wa kushukuru. Mwenye tangi la kina cha sentimita 60 ana tatizo halisi la kufikisha mwanga chini. Mimi sikuwa nalo, ila niliishi mwaka mzima kana kwamba ninalo.

Taa ya pili ilikuwa ya zambarau. Kisanduku chake kiliandikwa kwamba ni ya kukuzia mimea, na maelezo yalikuwa matamu: mimea hula mwanga mwekundu na wa buluu, kijani inakitupa, basi kwa nini ulipie kijani? Sitaidhulumu taa ile. Mimea iliota. Lakini jani huonekana kijani kwa sababu linarudisha mwanga wa kijani machoni, na pale ambapo mwanga huo haupo, jani huonekana jeusi. Tangi zima likawa kama picha iliyoharibika. Samaki wa rangi ya fedha wakawa waridi. Kibaya zaidi, sikuweza kuona ugonjwa. Jani likipungukiwa na chuma huanza kupauka, likipungukiwa na potasiamu hutoboka vitundu vyenye kingo za njano. Chini ya zambarau yote hayo hayaonekani mpaka jani limekwisha. Na ile hoja yenyewe ina chumvi ndani yake, maana majani hutumia sehemu kubwa tu ya mwanga wa kijani. Taa nyeupe ya kawaida ya LED ni kijitaa cha buluu kilichofunikwa kwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya buluu kuwa kijani, njano na nyekundu. Kwa hiyo kila balbu nyeupe ya nyumbani inabeba rangi zote ambazo mmea unazihitaji. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Nikaja kwenye ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifunza.

Kuna kanuni ya zamani inayozunguka kati ya wafugaji: wati mbili au tatu kwa kila galoni. Tangi langu ni galoni 10 na kidogo za Kimarekani, nikapiga hesabu, nikapata wati 30, nikanunua taa ya kumulikia uani ya wati 30, zile bapa zenye mgongo wa chuma na alama ya IP65, yaani inayostahimili vumbi na maji ya kurushiwa. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya taa yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba kanuni ile ilitungwa enzi za taa za tyubu. Tyubu hutawanya mwanga pande zote, nusu yake ikielekea darini, na kila wati yake hutoa mwanga mchache kuliko wati ya LED. LED ya kumulikia huelekeza karibu mwanga wake wote chini. Wati ni umeme unaoingia, si mwanga unaotoka. Kinachopima mwanga unaotoka ni lumeni, nayo ilikuwa imeandikwa kando ya kisanduku kwa herufi ndogo: karibu 3,000. Gawanya kwa lita 40, unapata lumeni 75 kwa lita. Wafugaji wengi hukadiria lumeni 10 hadi 20 kwa lita kwa mimea isiyo na makuu, 20 hadi 40 kwa ya wastani, na kupita hapo ni kwa wale wanaoingiza kaboni dayoksaidi kwa mtungi. Mimi mtungi sikuwa nao.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Vipovu vya oksijeni vilining'inia kwenye majani kila alasiri, nikawa naita watu waje kuona. Wiki ya pili vumbi la kijani, yaani mwani, lilishika vioo. Nikifuta asubuhi, kesho yake lipo. Wiki ya tatu nyuzi za kijani zilianza kuning'inia kwenye Anubias kama ndevu. Wiki ya nne sikuwaona samaki. Walikuwemo, ila maji yalikuwa yamegeuka kijani kizito, mkono ukizama hadi kwenye kifundo huvioni vidole.

Nililaumu chakula cha samaki. Nililaumu chujio. Nilibadilisha nusu ya maji mara tatu kwa wiki, na kijani kikarudi kila mara kama aliyesahau mwavuli. Mwishowe nilimweleza rafiki yangu mmoja aliyefuga samaki miaka mingi kabla yangu. Hakuuliza kuhusu chujio wala chakula.

"Taa unaiwasha saa ngapi, unaizima saa ngapi?"

"Naiwasha nikiamka, naizima nikienda kulala."

Alicheka mpaka nikaona aibu. "Basi ndugu yangu, wewe hufugi samaki. Unalima mwani."

Swali lake lilinikaa kichwani kuliko jibu. Nilikuwa nimeufikiria mwanga kama chakula, nikaamini kwamba ukizidi mimea inashiba zaidi. Siku hizi nauona kama njaa. Mwanga ukiwaka, mmea unaanza usanisinuru, na papo hapo unadai kaboni dayoksaidi, nitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma. Mwanga mkali unadai mengi na haraka. Kwenye tangi lisilo na mtungi, kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini ni miligramu chache tu kwa lita, itokanayo na hewa, pumzi za samaki na uchafu unaooza chini. Wenye mitungi hulenga miligramu 30 hivi. Kwa hiyo mimea yangu ilikuwa inaamshwa na njaa kubwa kila asubuhi, inamaliza kilichomo, kisha inakaa saa nyingi chini ya jua la bandia bila cha kula. Mmea uliokwama namna hiyo hudhoofu, majani yake hutoa uchafu, na mwani unaoridhika na makombo hupata uwanja na taa vyote bure.

Nilizima kila kitu siku tatu. Nikafunika tangi kwa blanketi nene pande zote, nikaacha pampu ya hewa iendelee, nikawanyima samaki chakula isipokuwa punje chache. Siku ya nne maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, nikabadilisha nusu, nikasafisha chujio, na kesho yake nikawaona samaki wote. Giza linaua mwani unaoelea majini. Zile ndevu za kwenye majani halikuzigusa sana. Hizo nilizitoa kwa mswaki wa zamani, nikikata majani yasiyookoka.

Sasa nilihitaji mwanga mchache zaidi, na nilikuwa nimeshamaliza fedha za taa. Mezani kulikuwa na taa ya kusomea yenye shingo ya kupinda. Nikaifungia balbu ya LED ya wati 9 ya kawaida kabisa, yenye lumeni 806, ambayo kwa mwangaza ni sawa na balbu ya kale ya wati 60. Lumeni 806 kwa lita 40 ni 20 kwa lita. Mpaka leo hiyo ndiyo taa ya tangi langu.

Mtu akiniuliza achague balbu ipi, kwanza namwambia asome lumeni, na kisanduku kisichoandika lumeni akirudishe rafuni. Lumeni yenyewe si kipimo kamili, kwa kuwa imepimwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linapendelea kijani na njano, wakati mmea hutumia mwanga wote wenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Kipimo cha kweli cha mwanga huo unaotumiwa na mmea huitwa PAR, na mashine yake inaweza kugharimu kuliko tangi, samaki na taa kwa pamoja. Kwa kulinganisha balbu nyeupe na balbu nyeupe, lumeni inatosha.

Kelvini watu hubishana sana juu yake, nami nadhani wanapoteza muda. Ni rangi ya mwanga tu: 2,700 ni wa manjano kama wa balbu za zamani, 6,500 ni mweupe kama wa mchana. Mimea huota chini ya zote mbili. Nilitumia ya 3,000 miezi miwili na hakuna mmea uliolalamika, ila mimi nililalamika, kwa sababu maji yalionekana kama yamelowekwa magome. Nikahamia 6,500 kwa ajili ya macho yangu. Kama una samaki wekundu na unataka wekundu wao uonekane, tafuta balbu iliyoandikwa CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi) 90 badala ya 80. Tofauti inaonekana.

Balbu ya kawaida haikubali kupunguzwa nguvu, lakini shingo ya taa inakubali kupandishwa, na hapo ndipo penye siri yote ya taa ya bei nafuu. Mwanga hupungua kwa kasi kadiri taa inavyoenda mbali. Niliweka simu mezani ikiwa na programu ya kupima lux, yaani mwanga unaofika pale simu ilipo, nikashusha taa hadi sentimita 30 juu yake, kisha nikaipandisha hadi 50, na namba ikaanguka chini ya nusu. Sensa ya simu haiaminiki kwa namba zenyewe, lakini kwa kulinganisha jana na leo inafaa. Kwa taa nyeupe za LED, lux ikigawanywa kwa 70 hivi inakaribia mikromoli, kizio cha PAR, na mimea ya polepole hutosheka na mikromoli 15 hadi 30 kwenye changarawe. Nilicheza na shingo ile wiki kadhaa kabla ya kuiacha mahali ilipo sasa, kama shubiri moja juu ya kioo.

Balbu ina aibu yake moja: mwanga wake ni duara. Katikati panang'aa, pembe zina giza. Kwenye tangi langu fupi niliigeuza kuwa faida kwa kupanda vinavyopenda kivuli pembeni. Tangi la sentimita 60 litataka balbu mbili, au ile tyubu fupi ya LED. Mkanda wa LED wa kubandika nilijaribu pia. Gundi yake iliachia kwa unyevu ndani ya majuma machache na mkanda ukaning'inia juu ya maji kama ulimi. Sijaurudia.

Hapo kwenye unyevu nitakaa kidogo, kwa sababu taa ya bei nafuu huwa inaokoa fedha kwenye kitu ambacho hakipaswi kuokolewa. Taa ya kusomea haikutengenezwa ili ikae juu ya maji. Siku moja nilikuwa nakata majani, mkono wa shati ukanasa shingo ya taa, ikainama yote na kuanguka kifudifudi. Ilitua kwenye kioo cha kufunikia. Kioo hicho nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya samaki wanaoruka, si kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo kitako cha taa kimebanwa mezani kwa vibanio viwili, kioo hakitoki taa ikiwa juu yake, na mkono wangu hauingii majini kabla plagi haijatoka ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Waya nao nimeuacha ulegee uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kwenye plagi, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Na soketi ile imeunganishwa na kile kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja. Kama chumba chako hakina, huo ndio ununuzi wa kwanza, kabla ya balbu.

Balbu moja niliiua pia kwa ujinga. Niliifungia ndani ya kile kifuniko cha asili nilichotoboa, nikidhani ninaikinga. Balbu ya LED ina mitambo midogo kwenye kitako chake, na joto ndilo adui yake. Ndani ya boksi lililofungwa, juu ya maji yanayofuka, ilianza kupepesa na baada ya miezi mitatu ikazima. Ile iliyoko nje, hewani, bado ipo.

Kisha saa. Nilinunua taima ya kuchomeka ukutani, ile ya kizamani yenye meno ya robo saa ya kuinua na kushusha kwa kidole. Katika vyote nilivyonunua kwa tangi hili, hakuna kilichonilipa kama hicho. Nilianza na saa sita: inawaka saa kumi alasiri, inazima saa nne usiku, wakati ambao nipo nyumbani kuitazama. Hakuna faida ya kuwawashia samaki taa huku nyumba haina mtu. Na nilipotaka kubadilisha, nilibadilisha kitu kimoja, nikangoja wiki tatu. Jani lililokwisha kuota haliwezi kukupa habari za leo. Habari ziko kwenye jani jipya, na jani jipya la Anubias linachukua muda. Kwa saa sita niliona majani mapya mabichi na vioo vya kufuta mara moja kwa wiki. Nilipofika saa nane, vumbi la kijani likarudi. Nikashuka hadi saba, nikaacha.

Hesabu ya umeme sikuifanya mpaka baadaye, kwa udadisi tu. Wati 30, hata kwa saa 12 tu kila siku, ni uniti 131 kwa mwaka. Wati 9 kwa saa saba ni 23. Nilikuwa nimelipia mwani ule zaidi ya nilivyodhani.

Mimea nayo ilibidi nichague upya, kufuata taa niliyonayo na siyo picha ninazozipenda. Anubias niliifunga kwenye jiwe kwa uzi, shina lake nene likiwa juu ya changarawe kwa kuwa likizikwa huoza, nikaisogeza kwenye kona ya giza. Jani lake huishi muda mrefu bila kubadilika, hivyo likikaa kwenye mwanga mkali mwani una muda wote wa kulivamia. Kangaga la Java likafungwa kwenye gogo. Katikati, chini kabisa ya balbu, nilipanda Cryptocoryne nyingine. Ikayeyuka kama ile ya kwanza. Safari hii nilikaa mikono mifukoni.

Mmea mmoja tu ulinishinda. Nilikuwa na mashina matano ya Rotala rotundifolia, niliyoyanunua kwa sababu ya ncha nyekundu zilizokuwa kwenye picha. Chini ya balbu yangu yaliota, tena vizuri tu, lakini yalibaki kijani, na kila wiki yalikuwa yanainama kuelekea katikati kunakong'aa. Nilifikiri kuongeza balbu ya pili. Niliinunua kabisa. Nilikaa nayo mkononi mbele ya tangi, saa kumi na mbili jioni, nikiwaangalia konokono wakipanda kioo kisafi, nikairudisha kwenye kisanduku chake. Rotala nilimpa yule rafiki aliyenicheka. Ana taa kali na mtungi, na mwezi uliofuata aliniita nikazione ncha zake. Zilikuwa nyekundu kweli. Pale zilipokuwa tangini mwangu, Cryptocoryne yangu imeshatoa majani saba.